Inapokaa Sauti ya Shangazi

Jumamosi, 1 Agosti 1998

Karafuu za kwanza zimeanikwa uani leo. Nyumba nzima inanuka msimu: mito, kanzu za Baba, hata chai. Kila mwaka najiahidi kuandika mambo ya msimu tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila mwaka naishia katikati. Safari hii nimenunua daftari zuri ili nione haya kuliacha. Akiliokota mtu, basi ajue ni la Ghania binti Nassor, mwalimu wa fizikia, mkaazi wa Jadida, Wete, anayeishi na baba yake na paka mmoja asiye na adabu.

Jumatatu, 3 Agosti

Mashine ya shule ya kutolea sauti za majaribio imekufa. Imetoka moshi mbele ya Kidato cha Tatu, wakapiga makofi. Nimewaambia nitatengeneza nyingine kwa mkono wangu. Mdomo huu utaniponza.

Jumatano, 5 Agosti

Nimesoma kitabu changu cha elektroniki mpaka kurasa zimetoka. Kutengeneza sauti yoyote ni rahisi. Kutengeneza wimbi safi, lile la sine, linalopanda na kushuka bila kona, sauti moja peke yake bila wenziwe, hiyo ndiyo kazi. Kitabu kinasema ipo aisii inayoitwa 8038 inayoifanya kazi hiyo yote peke yake. Aisii ni kile kidude cheusi chenye miguu mingi kama jongoo. Kidude kimoja tu! Kilichobaki ni kukipata hapa Wete, mahali ambapo kupata balbu ya tochi ni bahati.

Usiku wa kuchambua karafuu ulikuwa mkavu. Shangazi Kazija hakuja. Nyumba yake iko upande wa pili wa ukuta wetu wa uani, na tangu nipate akili yeye ndiye mwenye kikao cha kuchambua: anakaa katikati, anatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, bila kuangalia, na anatusengenyea mji mzima kwa ile sauti yake nyembamba. Mwaka huu mahali pake amekaa paka.

Niandike sababu, maana itakuja siku nisiamini. Tangu uchaguzi wa miaka mitatu nyuma, mji umegawanyika. Watu wanachagua duka la kununua chumvi, wanachagua maiti ya kuzika, wanachagua salamu ya kuitikia. Baba yuko upande mmoja, pamoja na karibu Jadida yote. Shangazi yuko upande wa pili, kwa sababu marehemu mumewe, Ami Othman, alikuwa huko, naye anasema hawezi kumkimbia mtu kwa kuwa kafa. Lakini wao wawili walikuwa wakitaniana tu. Baba akimwita "serikali", naye akimwita "mpinzani", kisha wanagawana kisamvu.

Ikaja Idi ya mwaka huu. Shangazi akapita barazani akatoa salamu, Baba hakuitika. Akapita siku ya pili, hakuitika. Akaacha kupita.

Hayo ni ya Shangazi. Ukimuuliza Baba, atakwambia, "Kazija siku hizi hanipi salamu. Chama kimemuingia kichwani."

Mmoja muongo. Nawapenda wote wawili, na hilo ndilo linalonikera.

Jumatano, 12 Agosti

Kwa Mmanga, fundi redio wa sokoni. Alinimiminia mezani makopo matatu ya vidude alivyong'oa kwenye redio zilizokufa. Tukavisoma kimoja kimoja kwa lenzi.

"Mwalimu," akasema mwisho, "hizi zote za kukuza sauti. Ya kuzaa sauti sina."

Nimekwenda posta kumpigia Abeer, binti ya ami yangu aliyeko Maskati. Nimemtajia namba ya kidude mara tano. "Ghania," akaniuliza, "watu huagiza vitambaa na manukato. Weye umeanza lini hayo?"

Alhamisi, 20 Agosti

Wakati nasubiri, nimeunda filimbi ya aisii nyingine, 555, ambayo ninayo. Haitoi wimbi safi, inatoa wimbi la mraba, lenye kona. Sauti yake ni kali kama mtoto aliyekanyagwa. Nilipoipandisha juu kabisa, paka aliruka dirishani akaangusha bilauri, na jirani akapiga kelele, "Ghania, jamani, masikio!"

Baba alikuwa kando yangu anavuta uradi. Hakushtuka hata nukta. Nikasema moyoni, huyu ndiye baba, mstahamilivu kuliko mtaa mzima. Nimefurahi kuwa na mzazi wa namna hii.

Jumanne, 25 Agosti

Jua. Tumeanika, tumeanua.

Jumapili, 30 Agosti

Siku mbaya.

Baada ya chakula nilikwenda dukani. Niliacha karafuu za shamba zima zimeanikwa uani, majamvi saba, zimebaki siku moja kukauka. Baba alikuwa chumbani amejinyoosha. Nilipofika njia panda mbingu ikageuka ghafla. Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Nilipofungua mlango wa uani mvua ilikuwa imeshashuka, na karafuu zinaelea.

Na Shangazi yuko upande wa pili wa ukuta, amelowa chapachapa, analia kwa hasira.

"Nimemwita! Nassor, mvua! Nassor, anua! Nimemwita mpaka koo limekauka. Nassor kanikalia kimya ndani kama sikuzaliwa naye. Afadhali karafuu zioze kuliko kuniitika mie!"

"Ungeingia, Shangazi," nikasema.

"Nisiingie! Nyumba nisiyoitikiwa salamu siingii."

Baba akatoka, kofia mkononi, macho ya usingizi. Akaona maji, akaona majamvi, akamwona dadake ukutani. Akasema neno ambalo sijapata kumsikia akilisema.

"Umesimama hapo ukaiona mvua, Kazija. Ukanyamaza."

Hapa kwetu mvua ikija huulizi chama. Hata mtu uliyegombana naye kwa mpaka wa shamba, ukiona wingu unapiga ukelele, naye anakuja na jamvi lake kukusaidia. Kumuonea mtu mvua ukanyamaza ni aibu kubwa. Na kuitwa kwa ajili ya mvua ukanyamaza ni kiburi kikubwa. Kila mmoja amemtia mwenziwe katika shimo baya kuliko lote analolijua.

Shangazi akafuta uso kwa ukaya, kile kitambaa cha kichwani anachojifunika mpaka mdomoni. "Soud ananiita Unguja kila siku," akaniambia mimi, si Baba. "Zikisha karafuu, mie nakwenda zangu. Nitakufa kwa mwanangu." Akaingia ndani, akafunga dirisha la upande wetu.

Tumeokoa nusu. Hizo nyingine zimepauka. Baba hajala.

Jumatatu, 31 Agosti

Nimelala nikaamka na filimbi kichwani. Paka aliruka, jirani alipiga kelele, Baba hakushtuka. Shangazi ameita, Baba hakutoka. Ewe Ghania, mwalimu wa fizikia, unafundisha sauti siku tano kwa wiki!

Asubuhi nimemwendea Baba kwa upole. Hakuutaka.

"Mie kiziwi? Taarifa ya habari nasikia. Adhana nasikia. Mmanga akipita njiani nasikia anavyokohoa. Na weye hapa nakusikia, tena unasema mno."

Kweli. Habari husomwa na mwanamume mwenye sauti nzito. Muadhini wetu anavuma kama pipa. Mimi nina sauti ya darasani, na nikisema naye nakaa mbele ya uso wake. Lakini sauti ya Shangazi nyembamba, na kila siku inatoka nyuma ya ukaya, au nyuma ya ukuta. Uzee huanza kwa kula sauti za juu, zile za chini zikabaki. Hospitali hataki hata kuisikia. Mficha maradhi, kilio humuumbua, nikamwambia. Akanijibu kwamba hiyo ni methali ya wagonjwa.

Nikaenda ng'ambo ya ukuta. Shangazi hakuniacha nimalize. "Usimtafutie udhuru babaako. Adhana anasikia, redio anasikia, mie tu hanisikii?"

Kwa hiyo maneno hayatoshi. Nahitaji kuwaonyesha sauti inakatikia wapi. Filimbi ya 555 haifai, maana wimbi la mraba ni sauti nyingi zimefungwa pamoja, na asiyesikia hii atasikia ile. Nataka sauti moja, safi, niipandishe taratibu mpaka imkimbie. Kidude nilichokuwa nikikitafutia wanafunzi, sasa nakitafutia nyumba yangu.

Ijumaa, 4 Septemba

Mmanga ananishauri nikae pembeni. "Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," akasema. Nimemwambia mimi sina jembe, nina chuma cha kulehemu.

Jumatano, 9 Septemba

Nimejaribu njia ya pili ya kitabu, ya aisii ya 741, ambayo ipo shuleni tele. Sauti inazaliwa vizuri, laini kabisa, kisha inakua, inakua, inapasuka kona. Nikiipunguza inakufa. Haikai katikati. Kitabu kinasema tia balbu ndogo sana, isiyokula umeme mwingi: sauti ikizidi balbu inapata moto na kuizuia, ikipungua inapoa na kuiachia. Nimetia balbu ya tochi. Inakula mno, sauti haizaliwi hata kidogo. Balbu ya namna hiyo Wete haipo, Chake haipo. Mmanga amecheka kwamba natafuta balbu isiyowaka.

Jumamosi, 12 Septemba

Imekuja! Abeer kampa mtu aliyekuja kutembelea jamaa zake. 8038 ndani ya kopo la halua, imefungwa kwa pamba na nailoni. Alipata moja tu, akaambiwa viwanda vinaanza kuziacha. Nimeibusu. Baba kaniona.

Jumapili, 13 Septemba

Imeungua.

Niliichomeka kwenye umeme wa ukutani badala ya mawe ya redio, zile betri, kwa pupa tu. Umeme ukakatika. Nikasubiri. Uliporudi ukarudi kwa kishindo, balbu ya chumba ikalipuka, na kidude changu kikatoa harufu ninayoijua. Nililia kama mtoto, wala sioni haya kuandika.

Baba alikuja na kikombe cha chai ya mdalasini. Akakaa kitandani. "Kijidudu hicho ndicho kilichokuliza?" Nikamwambia ndicho. Akaniwekea mkono kichwani. Baba hajui nilichokuwa nikikitaka, wala hakuuliza. Mtu huyu hawezi kumnyima dadake salamu. Nilikuwa nikilijua hilo kabla ya fizikia yoyote.

Jumanne, 15 Septemba

Mvua. Kidato cha Tatu wanauliza mashine.

Ijumaa, 18 Septemba

Tiketi ya Shangazi imekatwa, meli ya Jumatano; hakungoja karafuu ziishe. Nimekwenda kumsaidia kufunga. Alikuwa akikunja kanga moja mara mbili mbili.

"Anakula?" akauliza bila kunitazama.

"Kidogo."

"Mpe mchuzi wa papa. Papa mkavu mno hampendi."

Nikamuomba kitu ambacho nilikuwa nikiogopa kuomba: sanduku la Ami Othman. Ami alikuwa fundi wa simu maisha yake yote, na vyombo vyake vimekaa chini ya kitanda tangu afe. Shangazi hakuwahi kuruhusu mtu aliguse. Akainama mwenyewe akalivuta.

"Chukua. Nakupa weye, simpi babaako. Ukikuta kipande cha sabuni ya kufulia usikitupe, marehemu alikuwa akikitia humo kuzuia mende."

Kulikuwa na koleo, nyaya, sabuni imekuwa jiwe, na kijisanduku cha bati cha kupimia laini za simu, kile ambacho mafundi walikuwa wakitolea mlio na kusikiliza upande wa pili. Nimekifungua nyumbani. Aisii yake imeshakufa, na ni 741 ile ile niliyonayo. Na pembeni yake, imelehemiwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka, balbu ndogo kama punje ya mtama.

Nimekaa nayo kiganjani mpaka chai ikapoa. Msimu mzima nimeagiza kidude ng'ambo, na nilichokikosa kilikuwa chini ya kitanda cha Shangazi.

Jumapili, 20 Septemba

Nimetia 741 mpya, balbu ya Ami, mawe ya redio, spika ndogo. Ukutani sigusi tena. Nikawasha.

Sauti ilianza, ikapanda, nikashika roho, ikatulia. Ikakaa. Laini, moja, bila kona. Balbu haikuonyesha mwanga wowote, ila nilijua iko kazini. Nilikaa naisikiliza huku natabasamu peke yangu.

Baada ya alasiri nimemkalisha Baba barazani. Nimemwambia nataka msaada wake kabla sijaipeleka shule: akisikia mlio ainue kidole, ukipotea akishushe. Akakubali kwa ajili ya wanafunzi. Paka akaja kujilaza katikati yetu bila kuitwa.

Nikaanza chini, mlio wa mtu anayeguna. Kidole juu. Nikapandisha. Kidole juu. Sauti ya muadhini, sauti ya Mmanga, sauti yangu, kidole kiko juu na Baba anatabasamu, ameshaona atafaulu. Nikapandisha tena. Kidole kikashuka.

"Umeizima," akasema.

Sikuizima. Mtaa mzima ulikuwa ukiisikia. Nikaikata, nikaiachia tena. Paka akageuza masikio, akanyanyua kichwa, akaitazama spika. Nikakata. Paka akalala. Nikaachia. Paka akanyanyuka.

Baba alikuwa akimtazama paka.

"Kasikia nini yuno?"

"Sauti, Baba. Hino hapa inalia sasa."

"Mie sisikii."

"Najua, Baba."

Akasogea mpaka sikio likagusa spika. Akatulia hivyo. Akajitoa polepole, akavua kofia akaiweka gotini.

"Irudishe chini," akasema. Nikairudisha mpaka akainua kidole. "Sasa ipandishe kidogo kidogo." Nikapandisha mpaka kidole kikashuka. Akaelekeza palepale kwenye kinobu nilichokuwa nikikizungusha.

"Sauti ya Kazija inakaa wapi hapo?"

"Nyingi inakaa hapo na juu yake, Baba."

"Na siku ile ya mvua."

"Alikuita mpaka koo likamkauka."

Machozi yalimtoka Baba, akayaacha yateremke. "Nami nimemwambia kanyamaza," akasema. "Mbele ya mtoto, nimemwambia kanyamaza."

Jumatatu, 21 Septemba

Naandika haraka, nisije nikasahau neno.

Asubuhi Baba alivaa kanzu ya Ijumaa. Tukazunguka kwa mlango wa mbele, kama wageni. Kwa kawaida ajaye ndiye anayetoa salamu, na mwenye nyumba ndiye anayeitika, kwa hiyo zamu ilikuwa imegeuka. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni kati ya mabegi, ukaya umemfunika mdomo. Alituona.

"Salaam alaykum, Kazija," akasema Baba.

Shangazi hakuitika. Nasema hakuitika, nilikuwa nimesimama hapo, na masikio yangu hayana kasoro. Alimkazia macho kakake akanyamaza, amlipe yote tangu Idi mpaka leo.

Baba akasubiri kidogo. Kisha akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeitikiwa vizuri.

"Alhamdulillahi, mie sijambo," akasema. "Magoti tu."

Shangazi akanitazama mimi. Akamtazama yeye.

"Na Ghania hajambo, huyo hapo," Baba akaendelea. "Karafuu zimepauka kidogo, si neno, Mungu ataleta nyingine. Naam. Papa tulikula juzi."

"Nassor, mie sijasema kitu," akasema Shangazi, kwa ile sauti yake.

"Nawe pia," akasema Baba. "Nawe pia, dada'angu."

Kanga ikamponyoka Shangazi mkononi. "Hasikii," akaniambia. Hakuwa akiuliza.

"Sauti yako haimfikii, Shangazi. Kila alipoona kimya alidhani ni wako, nawe ulidhani ni wake. Leo kaja ameshajua. Kadhani umemwitika, yeye ndiye aliyekosa kusikia."

"Nami nilinyamaza kweli," akasema Shangazi.

Akainuka. Akashusha ukaya mdomoni. Akamshika kakake uso kwa mikono miwili, kama walivyokuwa wakishikana nilipokuwa mdogo, Baba akirudi safari, akamwekea mdomo sikioni, akatafuta chini ya kifua sauti nzito ambayo sijui alikuwa akiiweka wapi siku zote.

"Wa alaykum salaam, Nassor!"

"Kha!" akasema Baba. "Mbona wapiga kelele?"

Jumanne, 22 Septemba

Shangazi amekuja kuchambua. Paka katolewa mahali pake. Anasengenya kwa sauti ya dume, mtaa mzima unafaidi.

Jumatano, 23 Septemba

Ameondoka lakini. Tiketi imekatwa, mjukuu anazaliwa, na anasema atarudi kwa karafuu za vuli, inshallah. Nilitaka abaki, nimemwambia, amenipiga kikofi cha shavu.

Gatini palikuwa na watu wa vyama vyote, kila kundi limesimama na lake. Meli ilipoanza kuvuta nanga, mashine zikanguruma nikawa sisikii hata pumzi yangu. Shangazi alikuwa juu, ameshika chuma. Akashusha ukaya mdomoni, mbele ya watu wote, akasema kitu, taratibu, akikifungua kila kipande kwa midomo. Baba, macho kwenye midomo hiyo, alinyanyua mkono juu kujibu.

"Kasema nini?" nikamuuliza kwa kelele, maana mimi sikuambulia kitu.

"Kasema tukaanue," akasema Baba. "Yeye huko juu anaiona mvua, inakuja."

Nikatazama upande wa bahari. Wingu lilikuwepo kweli, dogo, nisingelijali. Baba alikuwa ameshakunja kanzu mkononi na ameshaanza kukimbia. Mvua ilishuka tukiwa tunaingiza ndani jamvi la mwisho.